Mama Kevina na Magunia Yetu ya Mahindi: Tumsaidie wa Mbali au wa Karibu?

 

Wazee wa kanisa wametuomba tuandike juu ya jambo lililowahi kutugawanya, nalo ni hili: sadaka yetu ndogo iende wapi? Imsaidie aliyepatwa na maafa mbali, au ibaki hapa nyumbani kwa wajane na yatima wetu? Badala ya kuandika hotuba, tumeona ni vyema tusimulie maisha ya mtu mmoja aliyeishi na swali hilo miaka yake yote. Huyo ni Mama Kevina, ambaye wengi wa Uganda wanalijua jina lake hata kama hawajui alitoka wapi.

Kwanza tueleze jinsi swali lilivyotufikia.

MBALE, JULAI 2022

Mtakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022. Mvua kubwa ilinyesha upande wa Mbale, mito Nabuyonga na Namatala ikafurika, maji yakaingia majumbani. Zaidi ya watu 20 walikufa, na wengine wengi wakabaki bila nguo wala chakula. Sisi tuliposikia habari hizo tuliumia sana, kwa sababu Mbale ndiko tulikosoma chuo cha Biblia, na tunao wachungaji wenzetu huko. Tena hapa Kiryandongo tunaishi jirani na ndugu zetu wa Bududa waliohamishiwa huku mwaka 2010, baada ya mlima kuporomoka na kufukia watu kule Nametsi tarehe 1 Machi. Wao walilia upya.

Basi tukatangaza mchango kanisani. Jumapili tatu mfululizo watu walileta mahindi, maharagwe na nguo. Tukajaza magunia, tukayapakia kwenye lori lililokuwa linakwenda upande huo, tukaomba, likaondoka.

Jumapili iliyofuata mzee mmoja alisimama wakati wa matangazo. Alikumbusha kwamba mgao wa chakula ulikatwa kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, na kuanzia Februari 2021 ukabaki asilimia 60 tu ya mgao kamili. Halafu akaeleza kwamba katika klasta yetu wenyewe mama mmoja mjane, mwenye wajukuu wanne, alikuwa amelala njaa wiki ileile tuliyopakia magunia.

Wapendwa, jambo hilo lilikuwa kweli, na kosa lilikuwa letu sisi mchungaji. Mama yule alikuwa amefika nyumbani kwetu siku chache kabla. Tulimwambia asubiri, kwa kuwa chakula kilichokuwapo kilikuwa kimekwisha kutengwa kwa ajili ya Mbale. Tangu siku ile familia kadhaa zikaacha kuja ibadani, na mbili kati ya hizo hazijarudi hata leo.

Tulipotafakari tukagundua pia kitu kingine moyoni mwetu. Tumekuwa watu wa kupokea kwa miaka mingi: kadi, foleni, alama ya kidole, gunia. Kutuma msaada Mbale kulitupa furaha ya kuonekana kama watoaji. Furaha hiyo si dhambi, lakini ilitufumba macho tusimwone mtu aliyesimama mlangoni.

BINTI YATIMA WA ARKLOW

Mama Kevina alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, wilaya ya Wicklow, nchini Ireland. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney. Baba yake, mkulima, alikufa katika ajali miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa. Mama yake aliolewa tena, naye akafa Teresa akiwa na umri wa miaka kumi. Akalelewa na bibi yake mzaa mama, ambaye ndiye aliyemfundisha kusali. Bibi naye akafariki Teresa akiwa bado msichana. Alipata masomo ya kuwa mwalimu msaidizi tu, kwa maana hakukuwa na fedha za kumfikisha kwenye ualimu kamili.

Tunataja mambo haya kwa sababu wengi wetu tunadhani kila mzungu aliyekuja Afrika alitoka katika nyumba ya shibe. Ireland ya wakati ule ilikuwa nchi maskini chini ya utawala wa Uingereza. Miaka thelathini hivi kabla ya kuzaliwa kwake, kati ya 1845 na 1849, viazi vilioza mashambani na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa. Wengine milioni moja hivi walipanda meli wakaikimbia nchi yao. Wazee waliomlea Teresa walikuwa watu wa kizazi kilichoona njaa hiyo.

Kuna jambo katika habari za njaa hiyo ambalo kila mkimbizi anapaswa kulijua. Mwaka 1847 ulifika Ireland msaada uliochangwa na Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani. Watu hao miaka kumi na mitano hivi kabla walikuwa wamefukuzwa kutoka katika ardhi ya babu zao, wakatembezwa mamia ya maili, na wengi wao wakafia njiani. Walikuwa bado maskini. Hata hivyo waliposikia kwamba kuna watu ng'ambo ya bahari wanaokufa njaa, wakachanga kidogo walichokuwa nacho wakatuma. Watu wa Ireland hawajasahau mpaka leo. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Mwaka 1895 Teresa alijiunga na masista wa Mtakatifu Fransisko huko Mill Hill, London, na mwaka 1898 akapewa jina la Sista Mary Kevin. Alijitolea kwenda kuwatumikia watu weusi wa Marekani. Alisubiri wito huo miaka mitatu. Wito ulipofika haukuwa wa Marekani, bali wa Afrika.

CHINI YA MWEMBE

Askofu Henry Hanlon wa shirika la Mill Hill alikuwa ameomba masista waje kuwahudumia wanawake na wasichana katika eneo lake. Eneo hilo liliitwa Vikarieti ya Upper Nile. Lilianzia Nsambya mjini Kampala, likavuka mto Nile na kuingia Busoga, likaendelea mpaka upande wa Mbale na mlima Elgon. Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London, na tarehe 15 Januari 1903 wakafika Nsambya. Sista Kevin alikuwa na umri wa miaka 27.

Ndugu msomaji, hebu fikiri. Nyuma yake aliacha nchi yenye yatima wengi kama yeye mwenyewe. Mtu angeweza kumwuliza kwa haki kwa nini asibaki kuwalea wale wa Arklow. Swali hilo ni lilelile la mzee wetu.

Kazi yake ya kwanza ya uuguzi aliianza chini ya mwembe, pale Nsambya. Hapakuwa na jengo. Wagonjwa walikuja na vidonda, homa na watoto waliokonda. Ulikuwa wakati mgumu sana Uganda. Ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, ulikuwa ukiwaua watu wa pwani ya ziwa Victoria, upande wa Buganda na wa Busoga. Katika miaka michache ya mwanzo wa karne hiyo walikufa zaidi ya watu 200,000. Baadaye serikali iliwaamuru watu wote kuhama pwani ya ziwa, wakaacha mashamba yao na makaburi ya wazazi wao. Walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe.

Mwaka 1906 masista walifungua kituo Nagalama. Mwaka 1910 mkuu wao alirudi nyumbani kwa ugonjwa, na Sista Kevin akashika uongozi. Ndipo watu wakaanza kumwita Mama, na ulimi wa Kiganda ukaligeuza jina lake likawa Kevina. Mwaka 1913 wakavuka Nile na kufungua kituo cha tatu huko Kamuli, Busoga, kaskazini ya Jinja.

Tunaona hapa funzo la kwanza. Mama Kevina alitoka mbali, lakini alipofika hakutazama tena mbali. Alianza na mgonjwa aliyelala chini ya mti uliokuwa mbele yake. Kituo cha pili kilifuata baada ya miaka mitatu, na cha tatu baada ya miaka kumi.

WABEBAJI WA MIZIGO

Mwaka 1914 vita vya wazungu vilifika Afrika Mashariki. Waingereza na Wajerumani walipigana, lakini mizigo yao ilibebwa na Waafrika. Sisi tuliotoka Kenya tunalijua jina la Kariokor kule Nairobi, na Watanzania wanalijua la Kariakoo kule Dar es Salaam. Yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wabebaji. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa.

Hospitali ya Nsambya iliwapokea wabebaji hao. Mama Kevina aliona jinsi walivyotupwa kama vyombo vilivyovunjika, akakasirika sana. Aliwauguza watu ambao hata serikali iliyowachukua makwao haikuwahesabu vizuri. Tarehe 25 Desemba 1918 serikali hiyohiyo ilimpa nishani kwa kazi yake ya kuhudumia majeruhi. Nishani alipewa yeye, lakini wabebaji walirudi makwao bila nishani, na wengine hawakurudi kabisa.

WASICHANA WANANE

Baada ya vita Mama Kevina aliona kwamba wanawake wengi wanakufa wakati wa kujifungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alifika Nsambya daktari Evelyn Connolly, mwanamke asiye sista, na kwa pamoja wakaanzisha shule ya wauguzi na wakunga. Jambo hili halikuwa rahisi, maana wakati ule kanisa lao halikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Mama Kevina alilitetea kwa miaka mingi, na mwaka 1936 Roma ikatoa ruhusa.

Lakini kazi ambayo sisi tunaiona kuwa kubwa kuliko zote ni ile ya mwaka 1923. Mwaka huo alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane tu wa hapahapa. Makao yao makuu yakawa Nkokonjeru. Leo masista wa shirika hilo wanafundisha na kuuguza Uganda, Kenya na Tanzania.

Hili ndilo funzo la pili. Msaada unaotoka mbali na kuendelea kutoka mbali siku zote humfanya mpokeaji awe mtoto asiyekua. Mama Kevina alileta msaada kutoka ng'ambo, lakini alitaka wasichana wa hapa wawe wao wenyewe watoaji. Mwaka 1942 ikaanzishwa pia shule ya wasichana ya Namagunga, ile tunayopita kando yake tukiwa ndani ya basi la Jinja, kabla ya kufika Lugazi na msitu wa Mabira.

NYENGA NA BULUBA

Tulipokuwa masomoni, kila mara tuliposafiri kutoka kambini kwenda Mbale, basi lilivuka Nile pale Jinja. Upande wa magharibi, kabla ya kuvuka, ndiko kuliko Nyenga. Ukivuka na kuendelea mashariki, upande wa kulia kuelekea ziwani, ndiko kuliko Buluba. Tulipita miaka mitatu bila kujua kwamba sehemu hizo mbili zilikuwa vijiji vya wagonjwa wa ukoma, vilivyoanzishwa katika kazi ya Mama Kevina, Nyenga mwaka 1932 na Buluba mwaka 1934.

Mgonjwa wa ukoma katika miaka hiyo alikuwa mkimbizi kuliko sisi sote. Alifukuzwa na ndugu zake, si na adui. Dawa ya kuponya kabisa haikuwapo. Iliyotumika duniani kote ilikuwa mafuta ya mti wa chaulmoogra, ambayo yaliumiza mwili na kuponya wachache. Dawa bora ilianza kupatikana katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo, kikubwa ambacho masista waliweza kutoa kilikuwa kuosha vidonda, nyumba, shamba la kulima, na kuitwa kwa jina.

Mwaka 1951 alifika Buluba daktari Wanda Błeńska kutoka Poland, akawatibu wagonjwa wa ukoma kwa miaka zaidi ya arobaini. Habari hii inatugusa sisi wa Kiryandongo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wapolandi waliofukuzwa makwao waliletwa Uganda kwa maelfu wakiwa wakimbizi. Walikaa Koja, karibu na ziwa Victoria, na Nyabyeya huku kwetu upande wa Masindi, ambako kanisa walilolijenga bado limesimama. Waafrika waliwaona wazungu wakiishi kambini na kungojea mgao, kama sisi leo. Miaka michache baada ya vita hivyo, binti wa nchi hiyohiyo ya Poland, iliyokuwa imebomolewa na vita, alikuja kuwaosha vidonda watu wa Busoga. Basi nani alikuwa mpokeaji, na nani alikuwa mtoaji? Gurudumu linazunguka.

SIKU ZA MWISHO

Mwaka 1952 masista waliokuwa Afrika walipewa shirika lao wenyewe, Masista Wamisionari wa Mtakatifu Fransisko kwa Afrika, na Mama Kevina akawa mkuu wao wa kwanza. Makao yao yaliwekwa Mount Oliver, Dundalk, Ireland. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, alistaafu. Hakupumzika. Alipelekwa Boston, Marekani, akaanza kuomba michango kwa ajili ya Afrika. Akiwa kijana alitaka kwenda Marekani kutoa, na sasa akiwa mzee alifika Marekani kuomba. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili wake ulipelekwa Ireland ukazikwa Mount Oliver. Hapo watu wa Uganda wakakataa. Waliomba na kusihi kwamba mama yao arudishwe nyumbani, na kwao nyumbani maana yake ilikuwa Uganda. Masista wakakubali. Kaburi likafunguliwa, mwili ukaletwa kwa ndege, na tarehe 3 Desemba 1957 akazikwa Nkokonjeru katikati ya binti zake Waafrika. Ilikuwa siku ileile aliyoondoka London, miaka 55 kabla. Mwaka 2016 Wakatoliki walianza rasmi kazi ya kuchunguza maisha yake ili kuona kama anastahili kutajwa mtakatifu.

Sisi si Wakatoliki, na tunajua baadhi ya wasomaji watashangaa kuona habari za sista katika jarida letu. Tunajibu kwamba Yesu alipofundisha habari za jirani alimchagua Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake hawakusali naye.

ANTIOKIA, KANISA LA WAKIMBIZI

Sasa turudi kwenye magunia yetu. Mzee aliyetupinga alisimama juu ya Maandiko. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Neno hilo ni zito na hatuwezi kulikwepa kwa kuonyesha kwamba tumetuma lori Mbale.

Lakini someni pia Matendo ya Mitume sura ya 11. Kanisa la Antiokia lilianzishwa na wakimbizi, watu waliotawanyika kwa sababu ya mateso yaliyoanza Stefano alipouawa Yerusalemu. Nabii Agabo alipotangaza kwamba njaa inakuja, wanafunzi wa Antiokia waliamua kuchanga, kila mtu kadiri ya alivyoweza, wakatuma msaada Uyahudi. Yaani wakimbizi walituma chakula katika nchi waliyoikimbia. Na ni nani aliyeubeba msaada huo? Barnaba na Sauli. Sauli huyu ndiye aliyekuwa akiingia nyumba kwa nyumba na kuwaburuta waamini mpaka gerezani, hata wakakimbia. Sasa walimkabidhi mchango wao mikononi.

Wengi wetu tuliokimbia Kenya mwaka 2008 tukapitia Mulanda, Tororo, mpaka huku, tunawajua kwa majina waliochoma nyumba zetu. Ndugu zetu wa Kongo na wa Sudan Kusini nao wanawajua wao. Kwa hiyo swali la kutoa mbali au karibu si la chakula peke yake. Wakati mwingine tunasema tusaidie wa nyumbani kwanza, na moyoni tuna maana ya kwamba wale wengine wafe tu. Na wakati mwingine tunampenda mtu wa mbali kwa sababu haji kugonga mlango wetu usiku. Kila mmoja ajipime mwenyewe kwanza.

TUFANYE NINI BASI?

Maisha ya Mama Kevina hayatupi jibu la kukata kwa kisu. Yeye mwenyewe alikuwa msaada wa kutoka mbali, na aliishi kwa michango ya watu ambao hawakuwahi kuiona Jinja wala Nsambya. Kama watu wa Ireland wangesema kila shilingi ibaki kwao mpaka maskini wao wa mwisho ashibe, isingefika hata moja, kwa maana maskini wa mwisho hashibi kamwe katika dunia hii. Hata hivyo yeye alipokuwa Nsambya hakumwacha mgonjwa wa chini ya mwembe ili aandike barua kuhusu wagonjwa wa nchi nyingine.

Baada ya maumivu ya mwaka 2022, wazee na umoja wa akina mama walikaa wakakubaliana utaratibu. Kabla ya mchango wowote wa nje kutangazwa, mashemasi wanapita kwanza nyumba kwa nyumba katika klasta zetu, wakiangalia jiko lipi halijawashwa. Wenye njaa wanapewa kwanza. Halafu mchango wa nje unatangazwa, na haufutwi kwa kisingizio cha umaskini wetu, hata kama kitakachopatikana ni debe moja.

Tulijaribu utaratibu huo mwezi Novemba 2024, mlima ulipoporomoka tena upande wa Elgon na kufukia nyumba za watu Bulambuli. Mashemasi walipita. Walikuta nyumba tano zisizo na kitu, na chakula kikaenda huko. Kilichobaki kwa ajili ya Bulambuli kilikuwa kidogo sana kuliko kile cha mwaka 2022, na tuliona aibu kidogo kukituma. Tukakituma. Mama yule mjane alikuwa miongoni mwa wanawake walioshona mdomo wa gunia.

Hatusemi kwamba tumemaliza jambo hili. Mzee wetu bado anaona kwamba kilichokwenda Bulambuli kingelisha watoto wa hapa siku mbili, na hesabu yake ni sahihi. Sisi tunaona kwamba kanisa linalopokea tu, lisilompa mtu yeyote wa nje, litakuja kusahau kwamba ni kanisa. Tumekubaliana kuendelea kula meza moja ya Bwana tukiwa na mawazo hayo mawili. Kwa zile familia mbili zilizoondoka, tunawaomba msamaha tena hapa katika maandishi. Kosa lilikuwa la mchungaji, na mlango uko wazi.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni nani katika klasta yako ambaye hujaingia nyumbani kwake mwezi huu?

2. Je, kuna watu ambao ungeona vigumu kuwatumia chakula kama wangepatwa na maafa? Ni kwa sababu gani?

3. Watu wa Uganda walitaka Mama Kevina azikwe kwao. Je, sisi wageni wa nchi hii tunaishi hapa kwa namna ambayo majirani wetu wangetamani tubaki?

Mungu aliye Baba wa yatima na mtetezi wa wajane awabariki, awape chakula cha kutosha na moyo wa kugawana. Amina.